Wote waliangalia titi, mi nikauguza tumbo

Dada zangu, mkisikia mtu anatengenezewa titi kwa nyama ya tumbo lake mwenyewe, maneno yote yanakuwa kwenye titi. Litakaa sawa? Litafanana na la upande wa pili? Mume atasemaje? Mi leo nataka niongelee tumbo, maana titi langu lilitulia mapema tu, tumbo ndo lililonilaza, ndo lililonitoa kazini miezi, na ndo mpaka sa hivi nalilinda kila nikitaka kunyanyua kitu. Na kuna mambo mengi kuhusu hilo tumbo ambayo mtu akiyajua kabla hajaingia chumba cha upasuaji anajipunguzia matatizo makubwa, ndo maana nimekaa kuyaandika yote.

Mi ni wa Tanga, naishi Leicester, Uingereza, nafanya kazi ya kea, yaani kuhudumia wazee, kwenye nyumba ya wazee. Wanaoijua hii kazi wanaelewa, unamgeuza mtu kitandani, unamsogeza, unamvalisha, hoisti, ile mashine ya kunyanyulia mtu, ipo ndio lakini mgongo na tumbo lako ndo vinafanya kazi siku nzima. Niligundulika na saratani ya titi la kushoto, wakalitoa lote, nikapigwa dripu za kemo, kisha mionzi. Baada ya mionzi nikaambiwa nisubiri karibu mwaka ngozi ya kifuani itulie ndo tuongelee habari ya titi jipya, na kusubiri huko nashukuru kulikuwepo kwa sababu ndo nilipata muda wa kuuliza.

Njia zilikuwa tatu kwangu. Kuweka silikoni, kuchukua nyama ya mgongoni, au kuchukua tumboni. Silikoni kwenye ngozi iliyopigwa mionzi daktari alinambia wazi kwamba mara nyingi mwili unatengeneza kovu gumu kuizunguka, titi linakakamaa na linauma. Mgongo sikutaka kwa ajili ya kazi yangu. Ikabaki tumbo, na tumbo nilikuwa nalo, watoto wawili wa upasuaji wameniachia nyama ya kutosha chini ya kitovu. Mtu ambaye alishafanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo hii njia kwake imefungwa, ile nyama na mishipa yake vinakuwa vishaondoka, kwa hiyo kama una saratani kwenye familia na unafikiria kwenda kukata tumbo kwa ajili ya urembo, lifikirie na hilo.

Sasa hapa kwenye "tumbo" ndo pa kuwa makini, maana watu wanasema nyama ya tumbo kama vile ni operesheni moja. Siyo moja. Shangazi yake rafiki yangu alifanyiwa miaka ya 90, ya kwake walichukua ngozi, mafuta na msuli mzima wa tumbo, ule mrefu unaoshuka kutoka mbavuni mpaka kwenye kinena, wakaupitisha chini ya ngozi mpaka kifuani. Hiyo wanaiita TRAM, daktari mmoja wa Atlanta, Carl Hartrampf, ndiye aliyeitangaza mwaka 1982 na kwa wakati ule ilikuwa mkombozi kwa wanawake wengi. Lakini yule shangazi alikuja kupata ngiri, na mpaka leo kunyanyuka kitandani lazima ageuke ubavu kwanza ajisukume kwa mikono. Baadaye Wajapani Koshima na Soeda wakaonyesha mwaka 1989 kwamba unaweza ukachukua ngozi na mafuta na mishipa ya damu tu, msuli ukaachwa palepale, na mwaka 1994 Robert Allen wa New Orleans akaandika jinsi anavyotengenezea matiti kwa njia hiyo. Ndo hii inaitwa DIEP. Katikati yake kuna ile ambayo wanachukua kipande kidogo tu cha msuli.

Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza daktari wako: msuli wangu unabaki au unaondoka? Ukiondoka, kiasi gani, na mtaziba vipi pale ulipotoka, mtaweka wavu? Wavu ni kile kitambaa cha kitabibu wanachoshonea ndani kuimarisha ukuta wa tumbo. Mi niliuliza, daktari wangu akachora kwenye karatasi, akanambia mpango ni DIEP lakini akifika ndani akakuta mishipa haifai anaweza akalazimika kuchukua kipande cha msuli, na akiona ukuta umelegea ataweka wavu, na nisaini nikijua hivyo. Nilipenda ile kuwa muwazi.

Halafu akanambia jambo ambalo sikuwahi kulisikia kwa mtu yeyote. Hata msuli ukiachwa wote bado tumbo linaweza kutokeza upande mmoja, kwa sababu ili kuifikia ile mishipa ya damu wanaupasua msuli kwa urefu, na kuna mishipa midogo ya fahamu inaingia kwenye huo msuli kutokea pembeni. Ikikatwa, msuli upo lakini umelala, haukazi. Kwa hiyo ufundi mkubwa wa daktari ni kuchagua mshipa wa damu ambao kuufikia hakumlazimishi kukata mishipa ya fahamu mingi. Ndo kazi ya ile siti skani ya kabla, wanakupiga dawa kwenye mkono wanaangalia mishipa yote ya tumbo imepita wapi, ipi minene, ipi imetoboa msuli wapi, wanaingia wakiwa na ramani. Ukiambiwa hakuna skani ya mishipa, uliza kwa nini.

Kovu la uzazi lilikuwa linanitia wasiwasi sana. Akaniangalia akasema makovu yangu yapo chini, kwenye skani mishipa mikubwa ipo salama, tatizo linaweza kuwa kwenye kupona tu. Na akaona misuli ya katikati ya tumbo imeachana tangu mimba ya mwisho, ile unalala ukinyanyua kichwa katikati panatokeza kama mgongo wa samaki. Akasema ataisogeza aishone wakati uleule. Hilo alilipata kwa sababu nililitaja, nisingelitaja sijui kama lingeonekana.

Maandalizi sasa. Mambo yanayoharibu kidonda cha tumbo wanayajua vizuri: uzito mkubwa, sigara, na sukari isiyotulia. Hospitali nyingi huku zina kikomo cha uzito, ukikizidi wanakurudisha nyumbani ukapungue kwanza, na mi nilirudishwa. Nilichukia siku ile, nililia kwenye basi. Ila ukielewa sababu hasira inapungua: mafuta yana damu kidogo, ngozi ya tumbo ikishavutwa na kushonwa kwa nguvu inategemea hiyo damu kidogo, kidonda kinafunguka, majimaji yanajaa. Nikapunguza wali wa nazi wa usiku, nikapunguza chapati, nikawa natembea mpaka kazini. Nikaongeza protini, mayai, samaki, maharage, sababu wanataka upungue lakini hawataki uingie kwenye kisu ukiwa dhaifu.

Sigara mi sivuti. Lakini nasema kwa dada zangu wa shisha, maana wengi mnajihesabu hamvuti. Nikotini ndo inabana mishipa midogo ya damu, na shisha inayo, vepu inayo, hata viraka vya kuachia sigara vinayo. Kwetu walitaka wiki 6 bila nikotini ya aina yoyote. Na mume anayevutia sebuleni aende nje, hilo lilikuwa la nyumbani kwangu na tulilimaliza.

Na dawa za kienyeji ziseme zote. Mi nilikuwa nakunywa mafuta ya habasoda na vidonge vya kitunguu swaumu, nikafikiri haviwahusu, nesi wa matiti aliponiuliza kwa mara ya pili "hata vya asili?" ndo nikasema. Wakanisimamisha, maana baadhi ya hivyo vinafanya damu isigande vizuri. Tamoksifeni, vile vidonge vya kuzuia saratani ya titi isirudi, nayo waliisimamisha wiki kadhaa kabla kwa sababu yenyewe inaongeza hatari ya damu kuganda, hiyo usiiache mwenyewe, daktari ndo akwambie lini uache na lini urudi.

Operesheni yenyewe ilichukua karibu siku nzima. Nimeamka chumba cha joto kama Tanga mwezi wa pili, wanakifanya hivyo makusudi ili mishipa isisinyae, na kila saa nesi anakuja na kile kifaa cha kusikilizia damu anaweka juu ya titi, unasikia shwaa, shwaa, shwaa. Ule mlio nilikuwa nausubiri usiku kucha. Jambo moja kwa sisi wenye ngozi nyeusi, wamezoea kuangalia rangi, nyekundu, zambarau, kwetu hazionekani hivyohivyo. Nesi mmoja Mnaijeria alikuja na tochi, akagusa kwa mgongo wa mkono kulinganisha joto la titi na la bega, akabonyeza kuangalia ugumu, akawafundisha na wenzake wa zamu. Ukiwa huna nesi kama yule, sema mwenyewe, gusa, usiangalie tu.

Tumbo sasa. Kitanda kinakunjwa, mgongo umeinuliwa, magoti yameinuliwa, hulali chali moja kwa moja. Ngozi ya juu ya kitovu imevutwa mpaka chini kwenye kinena, ukijinyoosha mshono unavutika. Siku ya pili wananisimamisha, nimeinama kama bibi kizee, nikawa najaribu kunyooka kwa kuona aibu mbele ya wagonjwa wengine, fizio, yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo, akanishika bega akanambia usinyooke, ngozi italegea yenyewe, itakunyoosha yenyewe. Ikachukua kama wiki mbili. Mgongo unauma balaa kipindi hicho, kuliko hata mshono, jiandaeni.

Mambo ya wodini ambayo nayashika mpaka leo. Kutoka kitandani: kunja magoti, geuka ubavu mzima mzima, shusha miguu, jisukume kwa mkono wa upande usiofanyiwa, na usiinuke kwa kuvuta tumbo hata siku moja. Kukohoa na kupiga chafya: kumbatia mto tumboni, bana, ndo ukohoe. Na choo. Jamani choo. Dawa za maumivu za aina ya kodini na mofini zinafunga tumbo, na kujikamua ni presha yote inakwenda kwenye nyuzi za ndani. Anza dawa ya kulainisha choo siku ileile unayoanza dawa za maumivu, usisubiri kufunga. Mi nilikuwa nakunywa na maji ya ukwaju, papai asubuhi, maji mengi, na miguu naiweka juu ya kistuli nikikaa chooni.

Nimerudi nyumbani na dreni mbili za tumboni, zile chupa zinazoning'inia za kukusanya majimaji ya ndani. Nikazishonea mfuko wa khanga nikawa nauvaa shingoni ndani ya dera, maana ukizisahau ukasimama zinavuta na maumivu yake usiombe. Kila asubuhi unapima, unaandika. Wao walitaka zishuke chini ya mililita 30 kwa saa 24 ndo watoe. Nilikuwa nazichukia kiasi cha kutaka kumwambia nesi azitoe tu, akanambia ukitoa mapema maji yanabaki ndani, vumilia.

Sasa mamdogo. Mamdogo wangu anakaa Birmingham, akaja kuniuguza, Mungu amlipe, alipika, aliosha watoto, alinisomea dua. Lakini mamdogo ni mwanamke wa pwani, na kwake tumbo lililopasuliwa na tumbo lililozaa ni tumbo moja. Akaja na mkaja na akawa amepanga kunikanda. Asubuhi moja natoka kusali nakuta ndoo ya maji yanafuka moshi, taulo pembeni, ananiambia, "Njoo mwanangu, tumbo lisipokandwa na kufungwa halirudi, utakuja kunikumbuka."

Nikamwambia mamdogo, shika kwanza hilo taulo weka kwenye mkono wako. Akaweka, akaurudisha mkono haraka. Nikamwambia, hapo tumboni ungeweka ningebaki nakuangalia tu nisijue kama naungua. Hakuamini. Nikafumba macho nikamwambia niguse, chini ya kitovu, anapotaka, na mi nitasema amegusa wapi. Amegusa sijui mara ngapi, nimekaa kimya, sikusikia hata moja. Akashusha khanga akakaa kitandani akalia.

Na hili nalisema kwa herufi kubwa moyoni mwangu, kwa sababu najua wengi wetu tuna mama na bibi wanaotupenda kwa maji ya moto. Ngozi ya tumbo baada ya hii operesheni imekufa ganzi, titi jipya nalo limekufa ganzi, kwa miezi, sehemu nyingine daima. Kuna wanawake wameungua kwa chupa ya maji ya moto tu, wamelala nayo, wakaamka na malengelenge, na ngozi ile ikiungua kupona kwake ni shida. Usikande, usiweke chupa ya moto, usikae karibu na hita, kikombe cha chai usikiegemeze kifuani. Maji ya kuoga pima kwa mkono.

Mkaja nao tulizungumza na nesi kwa simu, spika juu, mamdogo akiuliza mwenyewe. Nesi akamwelewesha vizuri kwa heshima kwamba kubana wanakubali, kwa mkanda wa hospitali, unaoshika tu, vidole viwili viweze kupita, na chupi ndefu ya kubana baadaye. Kufunga kwa nguvu kunaminya ngozi ambayo damu yake bado ni ya kubahatisha, na presha inapanda ndani inasukuma nyuzi. Na wale wa operesheni ya zamani, ambao msuli umepitishwa chini ya ngozi mpaka kifuani, kufunga juu ya tumbo kunaweza kukata damu ya titi lenyewe. Madaktari wanatofautiana kwenye mkanda, wengine hawautaki kabisa wiki za mwanzo, kwa hiyo sikiliza wa kwako. Mamdogo akasema "basi nimeelewa, nitamfunga kama wanavyotaka wao," na akawa yeye ndo mkali wa vidole viwili kuliko nesi.

Pamoja na yote hayo matatizo niliyapata. Dreni zilipotoka, baada ya siku chache nikaanza kusikia maji yanacheza upande wa kushoto nikigeuka. Mkono ukiweka unaona yanatembea. Wanaita seroma. Nilienda wakayavuta kwa sindano, hakuna maumivu kwa ile ganzi, yakarudi, wakavuta tena, mwisho yakakata. Usijikamue na usikae nayo ukisubiri yaishe, yanaweza kuoza. Na katikati ya mshono, pale panapovutika zaidi ya pote, ngozi ikawa nyeusi kama ukingo wa mkate ulioungua ikafunguka kidogo. Nilidhani tumbo lote linaachia. Ilibaki ni ya juu tu, wakanibandika dresingi, nesi wa jamii akawa anakuja kubadilisha, ikapona taratibu kutokea chini. Daktari alinambia hapo ndo sehemu inayofunguka kwa wengi. Kama mtaambiwa kitovu kimefanya gamba jeusi msipige kelele pia, kitovu kimetobolewa tundu jipya na damu yake ni ndogo, wanakiangalia. Cha kupiga simu haraka ni homa, usaha au harufu, joto linalotanda, titi kubadilika ghafla, shavu la mguu mmoja kuvimba, au kifua kubana. Hayo mawili ya mwisho ni gari la wagonjwa, usisubiri asubuhi, ndo sababu ya zile sindano za kuzuia damu kuganda za tumboni au pajani na soksi za kubana.

Swala. Mi niliswali nimekaa kwenye kiti, nainamisha kichwa kwa rukuu, nazidisha kidogo kwa sujudi. Kuna watu walinambia nijitahidi kushuka. Kushuka siyo shida, shida ni kuinuka kutoka chini, tumbo zima linakaza. Mgonjwa ana ruhusa ya kuswali amekaa, hata kwa ubavu, usijivunjie mshono kwa kuogopa macho ya watu.

Kunyanyua vitu: wiki 6 za mwanzo wanasema usizidishe birika la maji. Kwa mtu wa huku ni rahisi kuelewa, ila nyumbani niwaambie hivi, ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Kuchota, kufua kwa kuinama, kukuna nazi umekalia mbuzi, kutwanga kwenye kinu, kumbeba mtoto mgongoni, vyote vimo. Mtoto wangu mdogo alikuwa anakuja kwa miguu yake, nakaa kwanza, ndo anapanda pembeni yangu. Na kama choo ni cha kuchuchumaa tafuta kiti cha plastiki kilichotobolewa kabla hujaenda hospitali.

Pesa. Hospitali huku sikulipa, na dawa kwa mgonjwa wa saratani England ni bure tangu 2009, unajaziwa fomu na daktari unapewa cheti cha miaka 5, wengi bado wanalipa kwa kutojua. Kilichoniuma ni mshahara. Mwajiri wangu hakuwa na malipo ya ugonjwa zaidi ya yale ya kisheria, na kwa mwaka ule wa 2024 ilikuwa pauni 116.75 kwa wiki, siku 3 za mwanzo ulikuwa hupati kitu, na mwisho ilikuwa wiki 28. Kodi ya nyumba peke yake inaimeza hiyo. Na Tanga wanasubiri hela ya shule. Ilibidi nipige simu nyumbani niseme ukweli kwamba kwa miezi kadhaa sitatuma, na nilisema kabla ya operesheni, hiyo ilinipunguzia presha ya kukimbilia kazini. Kinamama wa kikundi chetu walinipa zamu yangu ya mchezo mapema. Wenye viza za kazi msiogope, malipo ya ugonjwa ya kisheria hayahesabiki kama msaada wa serikali uliokatazwa kwenye viza yako, ila misaada mingine inahesabika, uliza kabla hujaomba. Simu ya Macmillan, lile shirika la hisani la wagonjwa wa saratani, ni bure, walinisaidia kupiga hesabu bila kuniharakisha.

Kurudi kazini walitaka kunipa wagonjwa wa hoisti wiki ya kwanza. Nikatoa karatasi ya daktari imeandikwa kazi nyepesi, hakuna kunyanyua, na nikawakumbusha kwamba kwa sheria ya usawa ya 2010 mtu mwenye saratani analindwa tangu siku anapopewa majibu, wanatakiwa wabadilishe kazi kwa kiasi kinachowezekana. Wakaniweka kwenye dawa na chakula, masaa machache kwanza. Msiombe kwa mdomo, ombeni kwa maandishi.

Mazoezi ndo yaliyonirudishia tumbo, na hapa wengi wanalegea kwa sababu mshono ushapona na nguo zinakaa vizuri. Nilianza palepale kitandani kwa pumzi tu, unavuta hewa tumbo linapanda, ukitoa unavuta kitovu ndani kidogo kidogo, unashikilia, unaachia. Kisha kukunja nyonga ukiwa umelala, kisha kutembea, kila siku kidogo zaidi. Mazoezi ya kuinua kichwa na mgongo kutoka chini fizio aliyakataza miezi mitatu, na hata baada ya hapo tuliyaanza kwa ruhusa yake. Kila ninachonyanyua sasa nakisogeza karibu na mwili, natoa pumzi ndo nanyanyua, ukibana pumzi unasukuma tumbo nje.

Upande wa kulia, ambako walichukua mshipa, jioni nikichoka panatokeza kidogo. Nilirudi wakanilaza, nikanyanyua kichwa, daktari akagusa, wakapiga ultrasaundi. Hakuna tundu, kwa hiyo siyo ngiri, ni ukuta umelegea. Tofauti yake ni kubwa, ngiri ina tundu na utumbo unaweza kunasa, ukisikia uvimbe unauma ghafla, haurudi ndani na unatapika, kimbia hospitali. Wa kwangu unafuatiliwa tu. Nilisikitika, sitaficha, baada ya yote yale. Ila daktari alinionyesha msuli unakaza juu na chini ya pale, alisema msuli ungekuwa umeondolewa na kazi yangu hii tungekuwa tunaongea habari nyingine.

Kovu: kwetu makovu yanavimba, nilisema tangu mwanzo kwamba nina keloidi sikioni. Kidonda kilipofunga kabisa nikaanza vibandiko vya silikoni, na kusugua kwa vidole na mafuta ya nazi kidogo, mara mbili kwa siku. Limebaki bapa sehemu kubwa. Pembeni nyongani zimebaki nyama mbili zinazotokeza, hizo wanaweza kuzirekebisha wakati wa kumalizia chuchu.

Na ndugu zangu mnaotoka Dar, Mombasa au Nairobi kwenda India kwa hii operesheni, hesabuni na siku za baada. Msipange tiketi kwa siku ya kutoka wodini. Kaeni mpaka dreni zitoke na mshono uwe umekaguliwa, ulizeni lini ni salama kupanda ndege kwa sababu ya damu kuganda miguuni, na mjue tayari ni daktari gani nyumbani atakayevuta maji yakijaa. Halafu ombeni ripoti ya operesheni yenyewe, siyo ile barua fupi ya kutoka hospitali, ile inayosema wamechukua mshipa wa upande gani, msuli umeguswa kiasi gani, wavu upo au haupo na ni wa aina gani. Mi nimeipiga picha ipo kwenye simu, na nakala nimempa mume wangu, maana siku yoyote mtu mwingine akitaka kufungua tumbo hili, iwe kidole tumbo, ngiri au uzazi, hicho ndo kitu cha kwanza anachotakiwa kukisoma.